Kikombe cha Bwana Kesho

Shangazi yangu ndiye anayeandaa meza ya Bwana kanisani kwetu. Kila Jumapili ya ushirika tunajifungia kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Mimi nafuta vikombe, vile vya funda moja, naye anamimina divai bila kumwaga tone. Washirika anawajua kwa sura, hakosei hesabu. Lakini tangu amzike mwanawe, sinia hurudi na kikombe kimoja kimejaa.

Mwanawe tulimwita Bwana Kesho. Ukimwambia twende kanisani, anakujibu, "Kesho, dada." Aligongwa na gari akitoka kilabuni, na kesho yake haijafika. Mchungaji akasimama kaburini, mbele ya mama mtu, akasema mlango wa neema hufungwa pumzi inapokata. Nilitamani kumjaza udongo mdomoni.

Sasa siku moja baada ya ibada mchungaji akatuingilia chumbani na sinia mkononi.

"Mama, hiki kikombe ni cha nani? Wazee wanalalamika."

Wazee nao, kwa kulalamika hawajambo! Nikajiweka tayari kwa vita, maana wakimtoa shangazi kwenye ile meza watakuwa wamemzika na yeye.

Shangazi aliendelea kuosha vikombe. "Cha mwanangu."

"Lakini mama, alikufa bila kutubu."

"Najua alivyokufa, nilimwosha mwenyewe." Akajifuta mikono. "Mchungaji, yule mtoto alikuwa anarudi amelewa chakari, ananitukana. Chakula chake nilikifunika, na mlango sikuutia komeo hata siku moja. Na mimi nina hasira, muulize huyu. Leo unataka niamini Mungu ana moyo mdogo kuliko wangu?"

Nikafungua mdomo nimsaidie, akanikanyaga mguu.

Mchungaji aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na joho lake jeupe. Nilingoja aya, maana kwa aya hana mpinzani.

"Sijui, mama," akasema. "Pale kaburini nilisema kama mtu anayejua. Ninachoweza ni kutumaini."

"Basi tumaini. Nani amekuomba ujue?"

Akainuka, akafika mlangoni, akarudi.

"Baba yangu alikata roho akimlaani Mungu. Sijawahi kumwambia mtu." "Ukimimina tena, mama, na yeye..."

Nilimsamehe palepale, na mimi si mwepesi wa kusamehe.

Ushirika uliofuata, sinia likarudi na vikombe viwili vimejaa. Wazee wakanuna maradufu.

Leo tukiwa tunaandaa, mlangoni pamebishwa hodi. Ni mzee wa kanisa, yule yule kinara wa malalamiko, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mama," akasema, "nina kaka yangu..."

Shangazi hakumuuliza kaka huyo alikufaje. Alinigeukia.

"Wewe, unatazama nini? Lete lile sinia kubwa."