Kwaya Isiyofiwa

Kazi yangu ni kuhesabu watu wanaishi muda gani baada ya kuanza matibabu, na mama mkwe wangu ni mmoja wa watu ninaowahesabu. Kwa hilo peke yake nilistahili kuongezewa heshima nyumbani, lakini sijaiona.

Huu ni mwaka wake wa tisa kwenye mashine ya kusafisha damu katika kliniki ya figo, siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Wagonjwa wenzake wanamwita Kipaza, kwa sababu akinong'ona jambo kwenye chumba cha mashine, mlinzi wa getini anaitika. Ndiye aliyeanzisha kwaya ya wagonjwa. Mgonjwa mpya hamalizi wiki yake ya kwanza kabla Kipaza hajamfikia na kumwuliza anaimba sauti gani. Wanafanya mazoezi Jumanne na Ijumaa katika chumba cha mwisho wa korido, chenye madirisha mawili na viti vya plastiki vya kila rangi.

Chumba hicho ndicho kilichotuletea balaa. Mkurugenzi wa hospitali alitaka kukigeuza stoo ya maboksi ya dripu. Daktari wetu wa figo, ambaye anaipenda kwaya ile kuliko anavyokiri, akamwomba asubiri kidogo: atamwonyesha kwa hesabu kwamba wanaoimba wanaishi zaidi. Mkurugenzi akakubali, akataka hesabu hizo mwisho wa mwezi, la sivyo maboksi yanaingia. Mzigo nikatwishwa mimi.

Hesabu zenyewe si uchawi. Unachora mstari unaoanzia juu, watu wote wakiwa hai, na kila anapokufa mtu unashuka ngazi moja. Aliyehamia mji mwingine hatumuui kwa kosa la kuhama. Tunamhesabu mpaka siku ya mwisho tuliyomwona mzima, kisha tunamwacha aende kwa amani. Nikachora mistari miwili, mmoja wa wanakwaya arobaini, mwingine wa wagonjwa mia moja na sitini waliobaki. Baada ya miaka mitatu, wanakwaya themanini na wawili kati ya kila mia walikuwa hai. Kwa wengine walikuwa hamsini na watano.

Daktari alinikumbatia mbele ya wauguzi. Mama mkwe aliposikia, alinipakulia nyama mara mbili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi.

Raha yangu ilidumu siku mbili. Siku ya tatu niliutazama tena mstari wa kwaya, nikaona kitu kikanikera: miezi sita ya kwanza ulinyooka, bila ngazi hata moja. Wagonjwa wa figo arobaini, nusu mwaka mzima, hakuna aliyekufa. Hata ukoo wetu, wenye figo zake zote, haujawahi kupata nusu mwaka wa namna hiyo.

Nikamwuliza Daktari orodha ya wanakwaya aliitoa wapi. Akasema aliandika kila mwenye kitambaa cha njano shingoni. Kitambaa kile mama mkwe hampi mtu mpaka atimize miezi sita ya mazoezi. Anasema hakitavaliwa na mtu anayebabaika kwenye ubeti wa pili. Kwa hiyo, ili kuhesabiwa mwanakwaya ilibidi kwanza uishi miezi sita. Waliokufa kabla ya kitambaa tuliwatupa upande wa pili, wakaenda kuushusha mstari wa wenzao. Kwaya tulikuwa tumeipa miezi sita ya bure.

Nilipomweleza Daktari, alishika kichwa. Akasema ukweli ni ukweli, ila habari hiyo nimpelekee Kipaza mwenyewe, maana ni mkwe wangu, si wake.

Niliogopa, sifichi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya mtakwimu mwongo ni fupi zaidi, kwa kuwa ameichora mwenyewe na vipimo kaweka. Nikamfuata mama kwenye kiti chake, mashine ikizunguka kando yake, nikaeleza yote nikiwa nimeinamisha macho.

"Hao waliokufa kabla ya kitambaa," akasema, "umewaweka wapi?"

"Kwa wasioimba, mama."

"Waliimba. Warudishe."

Akanielekeza kwenye mkoba wake, nikatoa daftari la mahudhurio, kila zoezi na waliokuja, tangu kwaya ilipoanza. Waliokufa kabla ya kitambaa walikuwa kumi na mmoja. Nikamrudisha kila mmoja tangu zoezi lake la kwanza, nikachora upya, na mistari ikasogeleana: sitini na watano kati ya mia kwa wanakwaya, hamsini na tisa kwa wengine. Tofauti hiyo hata bahati tu inaweza kuileta. Mama mkwe aliitazama karatasi, akasema sasa kwaya yake imetimia. Alijua pia kwamba chumba kimekwenda. Nilijiona mwizi.

Mwisho wa mwezi tuliingia watatu kwa mkurugenzi. Alinisikiliza, akasifu ukweli wetu, akasema kwa masikitiko kwamba basi stoo itaanza wiki ijayo. Akamgeukia mama mkwe, akamwuliza kama naye ana takwimu za kuongeza.

"Takwimu nimeziozesha binti yangu," akajibu. "Ziulize zenyewe."

Mimi kwenye vikao huwa naongea nikiulizwa tu, na sasa nilikuwa nimeulizwa. Nikatoa karatasi ambayo sikuwa nimemwonyesha mtu.

"Kuna muda mwingine nilioupima," nikasema. "Tangu zoezi la mwisho la mtu hadi siku aliyokufa. Wanakwaya waliokufa ni kumi na wanane. Nusu yao, muda huo haukufika siku sita. Wawili walikuja mazoezini jana yake." Nikamsogezea karatasi. "Mtu amebakiwa na wiki moja, mheshimiwa, anatembea korido nzima kwenda kwenye kiti cha plastiki. Hakuna aliyemlazimisha."

Mkurugenzi aliishika karatasi muda mrefu. Halafu akauliza kama maboksi yanaweza kukaa mahali pengine. Daktari akataja nafasi iliyo chini ya ngazi, upesi upesi, kabla mwenzake hajabadili nia.

Tulitoka. Katikati ya korido Kipaza alisimama, akajifuta macho kwa kiganja, akanitazama.

"Ijumaa tunawaimbia wale kumi na mmoja," akasema. "Na wewe utakuja."

Nikamwambia, "Mama, mimi sina sauti."

"Najua, baba. Njoo hivyo hivyo."