Godoro la Kweyu

Khavere aliingia ukumbini na godoro kichwani, na vijana waliokuwa wakinyoosha viungo wakaacha. Walilijua. Lilikuwa la kaka yake, Kweyu, waliyemzika Vihiga mwezi uliopita. Kwao godoro la marehemu haliguswi ovyo. Huwekwa kando mpaka wazee waseme neno.

Alilibwaga kwenye saruji, chini ya pete kubwa ya kuruka na kupita ndani yake, pale pale shingo ya Kweyu ilipovunjikia.

"Toa hicho kitu hapa," akasema Maingi, kiongozi wa wanasarakasi hao wa Dandora. "Jumamosi tuna shoo, wewe unaniletea mkosi?"

"Mkosi ulitangulia godoro, kocha. Kweyu alikuambia shingo inamuuma. Ukamwambia ajichue, aruke."

"Sarakasi ni ya wenye shingo ngumu! Godoro ni la wanaolala."

Vijana wakacheka, lakini kwa shida. Owuor, aliyepewa nafasi ya Kweyu, hakucheka kabisa. Asubuhi hiyo Khavere alimwona bombani akigeuka mwili mzima kama mlango ili amsalimu jirani. Sasa akaenda kusimama kushoto kwake.

"Owuor, niangalie."

"Nakucheki, sista."

"Bila kugeuza mabega."

Owuor akajaribu. Kidevu kikakwama njiani, uso ukamkunjamana kwa maumivu. Kicheko kikakatika.

"Amelala vibaya tu," Maingi akasema. "Owuor, jipange. Ukiogopa, wako wengi wanaoitaka nafasi yako."

Owuor akaitazama pete, akarudi nyuma kutafuta mbio. Khavere akaona anakwenda kuruka kweli. Kweyu naye alikwenda hivyo hivyo, akisukumwa na haya kuliko ushujaa. Basi akajitupa chali juu ya godoro la marehemu, mikono kifuani. Mtu akaguna kwa hofu.

"Haya, aruke. Akianguka ataniangukia mimi, nawe kocha utasafirisha majeneza mawili, ukawaeleze mama zetu."

"Inuka hapo, mwanamke!"

"Siinuki. Leo siinuki, na kesho mtanikuta. Mwenye shingo inayouma haruki hapa. Na aliye mzima haruki juu ya saruji tupu. Nilishalia vya kutosha, kocha. Sasa nimechoka kulia."

Maingi akapuliza kipenga. Hakuna aliyesogea. Akapuliza tena, mashavu yamemvimba. Ndipo Owuor akaja taratibu, akaketi kwenye ukingo wa godoro, karibu na miguu ya Khavere, shingo wima.

"Nitaruka ikipona," akasema. "Na nitaangukia hapa hapa."

"Na shoo yangu je?" Maingi akafoka. "Nani atapita kwenye pete?"

"Pita wewe, buda," sauti ikajibu kutoka nyuma, na safari hii wakacheka wote.