Ardhi ya Chilolwa Imepanda

Jumatatu asubuhi Yudith alikwenda kupogoa mizabibu yake, akajikwaa. Kati ya njia ya ng'ombe na shamba lake palikuwa na kipandio cha shubiri moja ambacho Jumapili hakikuwepo. Alikipima kwa mkono mara mbili, akajifuta vumbi gotini, akapanda, akaanza mstari wa kwanza. Mizabibu haingoji.

Hakushangaa. Alhamisi iliyopita watu wote wa Chilolwa waliitwa mkutanoni wakaambiwa kwamba mpaka wa jiji umesogezwa, na kijiji chao sasa ni mtaa. Afisa ardhi, binti mpole aitwaye Erica, aliwaeleza faida. Maji ya bomba yatakuja. Nguzo za umeme zitakuja. Kila mwenye eneo atapimiwa apate hati, na mwenye hati hasukumwi na mtu. Akamalizia, "Na ardhi yenu itapanda, wazazi wangu. Ardhi ya mjini haikai chini." Watu wakapiga makofi. Kwa hiyo ilipopanda, walikuwa wameshaambiwa.

Mpaka mpya ulifuata ile njia ya ng'ombe. Upande wa mashariki, ndani ya jiji, zilikuwapo ekari nane za Yudith, alizoachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na babu, Mzee Matonya. Upande wa magharibi, nje ya jiji, alikaa Ebenezer, mdogo wa marehemu mume wa Yudith. Ardhi ya Ebenezer ilibaki ilipoumbwa.

"Shemeji," aliita Ebenezer siku hiyo, ameegemea fimbo yake, "naona umeanza kututazama kwa juu."

"Nakutazama kwa juu tangu ulipoleta posa ya kaka yako umevaa kandambili mbili za kushoto."

"Zilikuwa za kulia."

"Afadhali umekiri."

Ardhi ilipanda shubiri moja kila juma. Mvua za Januari zilimkuta Yudith akiingia shambani kwa kuegemea tumbo. Ilipofika Pasaka ilikuwa imempita kichwa Yotham, mwenyekiti wa mtaa, mtu mrefu kuliko wote Chilolwa, ndipo Yotham akaleta ngazi ya kanisani, ile ya kufungia mapambo ya Krismasi. Bomba la maji lilifika, likapanda ukuta wa udongo kama mmea utambaao, likatoa maji. Umeme nao ukaja. Asubuhi, akinywa chai juu kule, Yudith aliziona ndege zikishuka uwanja wa Msalato karibu usawa wa macho yake. Jumamosi walikuja watu wa ofisi za serikali za Mtumba, wanapanda ngazi na viatu vya kung'aa, wanavuta pumzi, wanasema, "Mama, mimi nikijenga hapa sishuki tena."

Lakini tangazo nalo lilikuja. Mjini mbuzi hawazururi. Mjini halimwi zao refu: si mtama, si uwele, si mahindi. Karanga ruksa. Yudith, aliyelelewa kwa ugali wa mtama, alilisoma tangazo mpaka mwisho, akalikunja, akawashia moto wa chai.

Kule chini, kwenye kivuli, Ebenezer alipanda mtama alivyotaka, nao ukarefuka kwa kulitafuta jua.

"Jua linanifikia saa tano," alilalamika.

"Nikugawie?"

"Lako au la jiji?"

Kuhusu hilo Yudith hakuwa na hakika. Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema waziwazi kwa kila aliyeuliza: hati ya ekari nane zote, yenye jina lake yeye, Yudith, si la mume, si la kaka, si la shemeji. Kwa ajili ya karatasi hiyo alikuwa tayari kula karanga maisha yake yote.

Karatasi iliyokuja haikuwa hiyo. Yotham aliileta mwenyewe, kofia mkononi, akakaa kwenye kipandio cha juu cha ngazi bila kukaribishwa.

"Dada Yudith, nimekuua kwa kalamu."

Kabla ya upimaji ofisi ilimpa Yotham fomu ya mtaa mzima, na ndani yake palikuwa na nafasi ya hali ya ardhi. Kwenye ekari mbili za mizabibu aliandika *shamba*. Kwenye ekari sita zilizobaki, zilizolimwa mtama miaka yote na sasa zilikuwa zimepumzishwa mwaka wa nne, aliandika *pori*. Chilolwa shamba likipumzishwa huitwa pori. Watu husema pori la Yudith, pori la Ebenezer, wala hakuna anayelidhani limekosa mwenyewe, kama vile mtu aliyelala hakosi jina. Ofisini pori ni pori. Ni ardhi isiyo na mtu. Ekari sita zilikatwa viwanja, wakagawiwa walioomba.

"Uliandika kama tunavyosema," Yudith alisema.

"Niliandika kama tunavyosema. Nimerudi dirishani mara tatu. Wanasema fomu haifutwi mpaka uonyeshwe ushahidi kwamba watu waliishi hapo."

"Ushahidi si huo hapo umesimama?"

Ulikuwa umesimama kweli. Ekari zile sita, tangu zigawiwe, zilipanda haraka kuliko nyingine, na ubavu wake wa kando ya njia ulikuwa wazi kama mkate uliokatwa. Juu kabisa ilionekana mizizi ya mtama wa mwisho. Chini yake lilikuwapo jivu la jiko la mama yake, na mafiga matatu meusi bado. Chini ya hapo ulionekana ukuta wa tembe la zamani, samadi ya zizi iliyoganda ikawa jiwe, na jiwe la kusagia lililochimbika katikati kama kiganja. Mwezi wa sita alikuwa ametokea Mzee Matonya mwenyewe, amelala ubavu ndani ya ngozi ya fahali kama alivyozikwa, bangili ya shaba mkononi. Vumbi la magreda yaliyochonga barabara za viwanja lilimkohoza. Ebenezer, akipeleka ng'ombe, alimwamkia kila jioni, "Mbukwenyi, babu," na babu aliitika, akauliza habari za mvua.

Erica alikuja kukagua siku ya Jumanne. Alikagua kwa uaminifu, kuanzia mizizi mpaka chini, akapiga picha kila tabaka, kisha akainama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Ardhi, babu."

"Basi sisi ni ndugu."

Erica alimuuliza kama ana kitambulisho cha taifa. Hakuwa nacho. Erica akaeleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba shahidi lazima awe na kitambulisho na awe hai tarehe ya kusaini. Kuhusu jivu, samadi na jiwe la kusagia, aliigeuza fomu huku na huku akitafuta mahali pa kuviandika. "Fomu ina urefu na upana," alisema. "Kina haina. Lakini kuna nafasi ya maoni ya mwombaji. Sema neno, mama, nitaliandika kama lilivyo."

Yudith alisimama juu ya ekari zake akaliita jiji zima lisikie.

"Andika hivi: hili si pori lenu. Hili ni pori langu!"

Ebenezer alipiga makofi kule chini. Yotham alishika kichwa. Erica aliandika neno kwa neno, akasoma kwa sauti, Yudith akaweka saini.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Lilikuwa fupi. Mwombaji amekiri kwa kinywa chake kuwa eneo ni pori. Shauri limefungwa.

Vibao vya namba vikasimikwa. Mzee Matonya aliangukia kiwanja namba 214.

Jioni hiyo Yudith alishuka ngazi, akakaa njiani mbele ya babu yake. Ebenezer alikuwa amesimama ng'ambo na ng'ombe wake.

"Na pori lako je, shemeji?" Yudith aliuliza.

"Langu halijaandikwa popote. Ndiyo maana bado ni langu."

"Ngoja wakufikie."

"Nangoja. Nimeshaanza kufanya mazoezi ya ngazi."

Babu alikohoa. "Wameandikaje?"

"Pori, babu."

"Limepumzika miaka mingapi?"

"Minne."

Babu alihesabu kwa vidole. "Inatosha. Nipe jembe."

Yudith alimpa jembe. Ebenezer alimrushia mfuko wa mbegu kutoka ng'ambo, mbegu ya mtama ule mrefu wa zamani. Mzee Matonya akatoka ubavuni mwa ardhi taratibu, akajikung'uta, akapanda ngazi ya kanisani hatua moja moja, akaanza kulima kwenye namba 214. Alilima kila alfajiri kabla jua halijawa kali, kisha akarudi kulala mahali pake. Mvua za Desemba ziliponyesha alikuwa amevuka vibao vyote vya ekari sita, na mtama ukaota, ukapita goti, ukapita kifua, ukapita sheria.

Mtama ukiwa umesimama hivyo, hati zilitoka. Ya ekari mbili za mizabibu ilikuwa na jina la Yudith, limeandikwa bila kosa. Za ekari sita zilikuwa na majina ya watu wengine.

Baada ya hati likaja onyo kwa mlimaji wa zao refu. Mlimaji hakuwa na kitambulisho, hivyo onyo halikuwa na jina. Aliyelileta alilibandika ubavuni mwa ardhi, usawa wa uso wa babu. Babu hakujua kusoma. Alimwita mjukuu wake.

"Wanasemaje?"

"Wanasema usilime. Hapa ni mjini."

"Juzi si walisema ni pori?"

"Ndiyo, babu."

"Waambie wachague," alisema Mzee Matonya, akalichukua jembe, akapanda.