Mkwaruzo kwenye CD ya Abdul

Asubuhi ile Ezron aliomba kitu kimoja tu: Fahadi asiusikilize wimbo. Auingize kwenye flashi za kwaya, aseme "tayari", waondoke zao. Lakini wapi! Fundi gani wa Tukuyu anaingiza wimbo bila kuuonja kwanza?

Ezron, mwalimu na mpiga gitaa wa kwaya, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Fahadi, fundi simu, sokoni pamoja na Mama Winfrida, mwenyekiti wa kwaya, aliyeshika mwavuli, furaha imemjaa mpaka kooni. Jumapili iliyopita wimbo wao mpya uliwainua watu vitini. Mchungaji akauliza mbele ya kanisa zima, "Mwalimu Ezron, hilo gitaa umelitoa wapi?" Naye Ezron, mtu mzima, baba wa watoto watatu, akajibu bila haya, "Nilioteshwa, mchungaji."

Kaoteshwa! Kaoteshwa na nani? Gitaa lile alilitoa kwenye CD ya kina Fahadi, miaka ishirini nyuma, walipokuwa kidato cha pili.

CD ile aliileta Abdul, kaka yake Fahadi, kutoka Dar. Ilikuwa albamu ya muziki wa metali, ila metali ya ajabu: magitaa yananguruma, mara mtu anachana mistari, mara zinaingia ngoma na filimbi, kisha mwanamke anaimba kwa upole utadhani anabembeleza mtoto. Vijana hao watatu waliisikiliza chumba cha nyuma cha duka la mzee Yussuph, baba yake Fahadi, mpaka wakajua wimbo upi unafuata upi. Siku moja Abdul, katika kucheza, aliiangusha kwenye saruji ikapata mkwaruzo. Tangu hapo, kwenye wimbo wa nne, gitaa lilipiga mara tatu, likakwama, likaruka. Ezron alijifunzia gitaa kwa wimbo huohuo, akaushika pamoja na mruko wake, kwa sababu kwake yeye ndivyo ulivyokuwa.

Mwaka uleule Abdul alifariki kwa ajali ya gari. Ezron akaiomba CD, akabembeleza, na Fahadi akamwazima kwa wiki moja tu. Wiki haijaisha, baba yake Ezron, mzee wa kanisa, akaikuta chini ya godoro, jalada lina picha ya fuvu. "Ya nani hii?" Ezron akasema, "Ya Fahadi. Ananilazimisha nisikilize."

Mzee alikwenda nayo mpaka dukani, akaivunja mbele ya wateja, akamwambia mzee Yussuph amfunze mwanawe adabu. Mzee Yussuph, kwa kuaibishwa dukani kwake, akamchapa Fahadi palepale. Ezron alikuwa mlangoni anaona yote. Fahadi alimtazama mara moja tu, wala hakumtaja.

Haya, sasa Fahadi huyohuyo, mvi zimeanza, akabonyeza. Kwaya ikaimba. Gitaa likaingia. Likapiga mara tatu, likakwama, likaruka.

Fahadi aliacha alichokuwa akifanya. Akaurudisha wimbo nyuma, akasikiliza tena pale pale.

"Mama, gitaa hili mmelipata wapi?" aliuliza.

"Kaoteshwa huyu!" Mama Winfrida akadakia. "Kapewa usingizini, baba, ndaga Kyala, asante Mungu! Mungu hana upendeleo."

Fahadi akamtazama Ezron, akangoja. Ezron akaangalia viatu vyake vilivyojaa tope.

"Basi ni kipaji, mama," Fahadi akasema polepole. "Mungu ni mkubwa." Akaanza kuchomeka flashi.

Hapo ndipo aibu ilipomkamata Ezron vizuri. Kama Fahadi angemtukana, angalau angejitetea. Lakini mtu huyu alikuwa amemfichia tena, mara ya pili, bila kuombwa.

"Mama Winfrida, sikuoteshwa," Ezron alisema. Wauza ndizi wa jirani wakageuka. "Gitaa hilo nililitoa kwenye CD ya kina Fahadi. Nilidanganya kanisani. Na zamani nilimdanganya baba kuwa Fahadi alinilazimisha, akachapwa kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyemwomba CD ile."

"We mwalimu, unaumwa?" Mama Winfrida alisema.

"Siumwi, mama. Jumapili nitasimama niseme hivihivi."

Fahadi alikuwa amewapa mgongo, anahangaika na waya usio na tatizo lolote.

"Albamu ile mtandaoni ipo," alisema mwishowe. "Niliipata. Imenyooka, haina mruko. Nilishindwa kuisikiliza." Akajifuta uso kwa kitambaa anachofutia simu. "Nilijua mkwaruzo wa kaka ulivunjwa siku ile na CD yenyewe. Kumbe unao wewe."

Ezron akasogea, akamshikia waya ule.

"Hiyo Jumapili ukisimama," Fahadi akasema, "mimi usinitaje. Mtaje Abdul."