Mapazia ya Ghorofani

Kilichomkosesha raha fundi cherehani si kodi ya jengo yenyewe. Ni kwamba ya wifi yake, waliyejenga naye ukuta kwa ukuta kwenye kiwanja cha baba mkwe, ilikuwa nusu ya yake. Wifi alimwambia mwenyewe huku anaanika nguo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Na nyumba ya wifi ina vigae mpaka barazani, ina geti la chuma, ina rangi inayong'aa hata mawingu yakitanda.

"Amehonga huyo," fundi alimwambia mumewe.

"Ni dada yangu unayemsema."

"Ndiyo maana nakwambia wewe, sijamwambia yeye."

Asubuhi akatinga manispaa, ankara kwapani. Karani wa kodi, kijana mwenye mafua, akampa kiti.

"Nataka mumpandishie wifi yangu."

Karani akapenga kamasi. "Wenzako huja kuomba kupunguziwa, mama."

"Mimi nataka haki."

"Ya mwenzio siwezi kukufungulia. Tuitazame yako." Akamweleza taratibu kwamba kodi haiangalii rangi wala geti. Mthamini huandika ukubwa wa nyumba na vyumba vinavyokalika, hapo ndipo thamani inapopatikana, na kodi hukatwa humo. "Wewe umeandikiwa vyumba vinne vya ghorofani, vimekamilika. Ni kwa maelezo yako."

Fundi akanywea. Siku mthamini alipopita, wifi alikuwa mlangoni pake anasikiliza. Basi yeye akanyoosha kidole juu, kwenye madirisha aliyoyashonea mapazia ya maua, akasema kule kumekwisha, bado vitanda tu. Nyuma ya mapazia kulikuwa na matofali tupu na popo.

"Na kama havijaisha?"

"Unaweka pingamizi, mthamini anarudi kuona kwa macho yake. Atakuja mchana."

"Hawezi kuja wifi akiwa hayupo?"

"Wifi tena, mama?"

Mthamini alipokuja, wifi alikuwepo, kikombe cha chai mkononi, akapanda ngazi nyuma yao bila kualikwa. Fundi akavuta pazia. Popo wakatawanyika.

"Kumbe huku bado, wifi?"

"Bado," fundi akajibu, pazia mkononi.

"Mimi nilimwonyesha mthamini siku ile mpaka choo kisichovuta maji. Na vile vigae, nikamwambia tumebandika kuficha nyufa." Wifi akacheka, akanywa chai yake.

Fundi akamtazama. Miaka yote alikuwa amemwonea wivu wa vigae. Sasa wivu ulihamia pengine, ukauma zaidi: mwanamke huyu anaweza kumtajia mgeni ubovu wa choo chake, na chai ikashuka vizuri.

Akakohoa. "Andika na ngazi inatikisika," akamwambia mthamini, kwa sauti ya kutosha wifi asikie. "Na bomba la jikoni tumelifunga kwa mpira."

"Mpira?" wifi akauliza, kikombe kimesimama hewani.

"Wa baiskeli."

"Bomba haliandikwi, mama," mthamini akasema.

"Wewe andika tu."