Kila Kituo na Shangazi Wake

Tangu aolewe, Eréndira Bautista hakuwahi kwenda likizo. Alichokuwa akifanya kila Pasaka ni kuhamisha jiko. Jiko lilitoka nyumbani Morelia, likapakiwa garini pamoja na masufuria, boksi la barafu, viti vya plastiki na ukoo mzima wa mumewe, likafunguliwa ufukweni Playa Azul chini ya paa la makuti. Hapo alikaanga samaki siku nzima huku wenzake wakisema bahari ya mwaka huu ni nzuri kuliko ya mwaka jana. Yeye bahari aliipa kisogo, macho kwenye kikaango.

Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, mwanamke mwembamba mwenye miguu isiyojua kutulia, na mwaka huo alisema basi. Mwezi wa Februari alibandika ramani kwenye friji, akamwita mumewe Leobardo.

"Tazama. Tunaanza Guanajuato, tunapanda vichochoro kwa miguu mpaka juu kwenye sanamu. Kisha San Luis Potosí, tunakodi baiskeli. Halafu tunaachana na miji, tunashuka Huasteca kwenye mito, tunaruka maporomoko. Tukirudi tunapitia Bernal, tunapanda lile jabali."

"Tunapanda jabali," alisema Leobardo taratibu, kama mtu anayesoma cheti cha daktari. "Nani na nani?"

"Mimi na wewe, Leo. Nani mwingine?"

Leobardo alikuwa na duka la miwani, na alikuwa mtu mwema. Wema huo ndio uliokuwa ugonjwa wa nyumba ile, kwa sababu hakuna aliyemwomba jambo akanyimwa. Mteja akisema miwani inambana, alipewa nyingine. Dada yake akisema gari lake bovu, alipewa gari. Kwa hiyo Eréndira hakushangaa sana, wiki iliyofuata, mumewe alipoingia jikoni akijikuna shingo.

"Mama naye angependa kuja."

"Kuruka maporomoko?"

"Kuja tu."

Eréndira alivuta pumzi. Mama mkwe wake, Bi Hermelinda, alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mnene, mcheshi, asiyependa kukaa kimya. Haya, alijisemea, mtu mmoja si ukoo.

Siku tatu baadaye Leobardo alijikuna shingo tena. "Mama anasema Guanajuato tufikie kwa Toña."

"Nimeshachukua hoteli, Leo."

"Anasema hoteli ya nini na mama yangu wa ubatizo yupo."

Ikawa hivyo mwezi mzima. San Luis ikapata shangazi, Bi Eduviges, dada wa marehemu baba mkwe. Kisha, jambo ambalo Eréndira hakulitegemea hata kidogo, Ciudad Valles kule chini mitoni nako kukapatikana mtu, mwanamke anayeitwa Cuca ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Kila alipoweka mlima, palizuka shangazi. Kila alipoweka mto, palizuka meza ya chakula. Akifuta, Leobardo anarudisha, taratibu, kwa sauti ile ya kuuzia miwani.

Wifi yake Nubia naye akapiga simu. "Wifi, nasikia mwaka huu ni mitoni! Huko kuna pa kuchomea nyama? Maana mume wangu bila mkaa hajisikii likizo. Na mbwa wangu wawili, hao hawana shida, wanalala popote."

"Nubia, hii ni safari ya kutembea."

"Ndiyo, tembeeni. Sisi tutawangoja na nyama."

Bomu lilipasuka Jumapili moja nyumbani kwa Bi Hermelinda, mbele ya sinia la nyama ya nguruwe. Bi Hermelinda alikuwa akieleza kwamba Toña ameshaulizia wanapenda mchuzi gani, na kwamba Eduviges ameshatoa magodoro nje yapigwe jua. Leobardo akaitikia, "Vizuri, mama." Nubia akauliza kama magodoro yatatosha na wao. Leobardo akaitikia, "Yatatosha."

Eréndira akaweka chini tortila yake, mkate ule wa mahindi.

"Mimi nitakwenda peke yangu," alisema.

Walidhani anatania. Nubia akacheka. "Peke yako na nani?"

"Na miguu yangu. Nyinyi nendeni Playa Azul, nendeni kwa Toña, nendeni kwa Cuca mkale mpaka mpasuke. Nimechoka. Hiyo siyo safari, ni msiba usio na maiti!"

 Bi Hermelinda akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Jumatatu Eréndira alinunua tiketi moja ya basi. Leobardo hakugomba, na hilo lilimkera zaidi kuliko kama angegomba. Alizunguka nyumbani kama mpangaji, akiomba radhi hata kwa mlango wa bafu. "Unaniacha?" aliuliza mara moja. "Sikuachi, natembea," alijibu Eréndira, naye akasema, "Vizuri," na Eréndira akatamani kumpiga na ndala.

Asubuhi moja ya wiki ile, Leobardo akiwa dukani, Eréndira alisikia mtu akipanda ngazi za jengo. Hatua tatu, kimya. Hatua mbili, kimya kirefu. Walikaa ghorofa ya tatu, na aliyekuwa akija alichukua muda mrefu hivi kwamba Eréndira alifungua mlango kuchungulia. Alikuwa Bi Hermelinda, ameshika reli kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Ndipo Eréndira alipokumbuka kwamba mama mkwe hajakanyaga pale tangu mwaka juzi. Siku zote ni wao waliokwenda kwake.

"Mama! Mbona hukupiga simu nishuke?"

"Nipe maji. Na usinijibu kwa heshima leo, nijibu kwa kweli. Hunitaki safarini?"

"Siyo hivyo, mama."

"Nimesema kwa kweli."

Eréndira alisimama na glasi mkononi. "Sitaki kwenda kulishwa nyumba za watu. Nataka kutembea. Kila nilipoweka mlima, wewe umeniwekea shangazi."

Bi Hermelinda akakodoa macho. "Ulidhani shangazi ni wako?"

"Wa nani basi?"

"Ni wangu! Ni wa kuniweka mimi!" Alijipiga nyonga ya kulia. "Hii imekwisha, mwanangu. Daktari ameona picha akatikisa kichwa. Nikienda dukani kwa tortila narudi nimeuma meno. Sasa nyinyi mpande huko juu, mimi mniache wapi? Hotelini, nitazamane na ukuta? Nikasema, kila mtakaposimama nitafute mtu wa kukaa naye. Mnanishusha asubuhi kama mzigo, mnakuja kunichukua jioni. Hata Valles nimepata mtu! Cuca niliuza naye uchepo, mikate ile ya mahindi mabichi, sokoni Pátzcuaro tukiwa wasichana, akaolewa na mkata miwa akahamia huko. Nimepigia simu nusu ya watu wa jimbo la Michoacán mpaka nikampata."

Eréndira alikaa. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Nilimwambia Leobardo akueleze. Ila asiseme habari ya nyonga, usije ukaiacha safari kwa kunihurumia."

"Sasa angeelezaje bila nyonga?"

"Hilo nilimwachia yeye."

"Na alikwambia nimesemaje?"

"Kwamba umefurahi sana."

Wanawake wale wawili walitazamana, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi walikuwa na hasira moja.

"Mama, kwa nini hupumziki tu nyumbani?" Eréndira aliuliza baadaye, kwa upole.

"Nimepumzika tangu baba yao afe. Nataka kuwaona hawa watu kabla mguu haujanifungia ndani. Na katika ukoo huu, wewe peke yako ndiye unayekwenda mahali."

Leobardo aliporudi kula mchana aliwakuta wamekaa upande mmoja wa meza. Hakuna haja ya kueleza aliyoambiwa. Itoshe kusema chakula kilipoa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu kwa Nubia, mbele yao, kumwambia mbwa hawaji. Ilimchukua muda kulitoa neno, lakini alilitoa.

Eréndira akairudisha tiketi yake ya basi, wakaondoka watatu kwa gari. Nisidanganye nikasema mambo yalinyooka. Guanajuato, Toña alikuwa amepika chakula cha harusi, akakataa katakata mtu kutoka na tumbo jepesi, na walipofunguliwa mlango jua lilikuwa utosini. Eréndira alipanda vichochoro vile kwa hasira, mumewe nyuma akitweta na kusimama kila kona kusifu rangi za nyumba. San Luis, Bi Eduviges hakukubali kubaki na mgeni ndani. Alimwita jirani mwenye gari, na vikongwe wale wawili wakawafuata waendesha baiskeli kwa mwendo wa maandamano, vioo chini, wakipiga kelele, "Leobardo, kofia! Leobardo, kunywa maji!" Watu wa barabarani waliwapigia makofi. Eréndira alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote, na gari likaongeza mwendo.

Valles ndiko palikokuwa pagumu. Binti wa Cuca aliwafungulia, akawaingiza uani, na pale kivulini aliketi kizee kidogo, safi, nywele zimesukwa.

"Cuca!" Bi Hermelinda alifungua mikono.

Cuca akamtazama kwa adabu. "Umekuja kununua?"

Binti akaona aibu. Kwenye simu, alisema, hakujua aanzie wapi. Mama yake kuna siku alikuwa hamtambui hata yeye aliyemzaa.

Eréndira akashusha begi. "Mama, tutabaki na wewe leo. Mto tutauona kesho."

"Mtabaki mnitazame nini?" Bi Hermelinda aliwaka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mmenileta mpaka hapa ili msimame uani? Nendeni! Leobardo, mwondoe mkeo kabla sijakasirika."

Wakaenda Micos, kwenye maporomoko ya mto. Wakavishwa kofia ngumu na majaketi ya kuelea, wakapandishwa kwenye ukingo wa poromoko la kwanza, maji ya buluu chini yakiunguruma. Leobardo alitazama chini, akaanza kumwuliza mwongozaji alikozaliwa. Foleni ikarefuka nyuma yao.

"Leo, unaruka au huruki?"

"Naruka. Ngoja kwanza nilizoee."

Eréndira hakungoja. Alikimbia hatua mbili akajitupa, na kati ya jiwe na maji hapakuwa na shangazi, wala mchuzi, wala mtu wa kumwomba lolote. Aliibuka akicheka kwa sauti kubwa, akaogelea kwenda la pili. Mumewe aliteremka kwa ngazi, poromoko baada ya poromoko, akimshikia ndala.

Jioni waliwakuta wale wawili mezani, rundo la mahindi mabichi mbele yao, wakifunga uchepo kwenye maganda yake. Vidole vya Cuca havikuwa vimesahau chochote.

"Nyamaza usikilize," Bi Hermelinda alimnong'oneza mkwewe. "Tangu mchana ananisimulia habari za msichana mmoja waliyeuza naye. Anaitwa Hermelinda. Mvivu, mwongo, na alikuwa analamba krimu ya wateja."

"Alikuwa ananichekesha lakini," Cuca aliendelea, bila kuinua macho. "Sijui alikwenda wapi."

Bi Hermelinda alifunga uchepo mmoja polepole, akaukaza. "Nataka kubaki siku mbili zaidi," alisema.

Siku mbili zilikuwa ndizo za Bernal. Eréndira alitoka nje akapiga simu kwenye nyumba ya wageni ya huko. Wakamwambia wakati wa Pasaka chumba hakisogezwi, akikiachia kinakwenda kwa mwingine. Alibishana, akabembeleza, akabishana tena. Mwisho akakiachia.

Mwaka huo hawakulipanda jabali. Eréndira alirudi ndani bila kumsemesha mtu, akabadili viatu, akatoka tena, akaishika barabara ya mashamba ya miwa. Alikimbia peke yake mpaka hasira zikamwisha, kisha akakimbia kidogo zaidi, kwa kupenda tu.