Maji ya Shimo la Barani

Nimonia ya Kadii ilikataa dawa. Siku kumi na mbili yuko wodini Kilifi, amebadilishiwa dawa mara tatu, na pafu la kulia lazidi kujaa. Ndugu zake wa Jilore walikwisha kuchimba kaburi.

Mumewe, Mwaro, baba wa mtoto wao Masha, kazi yake ni kuzoa uchafu wa mashimo ya vyoo mtaani Barani. Daktari Zahabiya alimwita kando akamweleza kuwa wamo katika majaribio. Kuna virusi visivyomdhuru mtu, chakula chao ni bakteria, na kila kirusi kina bakteria wake. Vile vya maabara vilimshindwa huyu wa Kadii. Ilibidi vingine vitafutwe penye uchafu mwingi wa watu, visafishwe, apewe pamoja na dawa zile zile. Kadii mwenyewe alikuwa ametia sahihi.

"Uchafu?" Mwaro akacheka, mara ya kwanza tangu mkewe alazwe. "Daktari, hapo umemfikia mwenyewe."

Akaleta chupa sita kutoka mashimo sita. Baada ya siku tatu akaambiwa hamna kitu, kila kilichokuwamo kimekufa. Daktari akamwuliza alizibeba vipi.

Mwaro akainamisha kichwa. Miaka ishirini watu wanamzibia pua, na miaka ishirini hatoki shimoni bila kusuuza ndoo, buti na mikono kwa jiki, dawa ya kuua vijidudu. Kumpelekea kinyesi mwanamke wa heshima aliona haya. Kila chupa aliitia kifuniko kimoja cha jiki.

"Nilitaka yasikunukie."

"Baba Masha," daktari akasema taratibu, "niletee yanayonuka."

Mchana huo huo akachota shimo kongwe kuliko yote Barani, akaliendesha lori lake hadi Kilifi na buti zake vivyo hivyo. Askari wa getini akamwambia arudi kwanza akaoge.

"Nitaoga mke wangu akipona," akajibu, akapita.

Siku ya pili akapigiwa simu. Katika kisahani cha maabara, bakteria wa Kadii walikuwa wametoboka matundu kama shuka iliyoliwa na nondo. Kusafisha kukachukua siku nne. Kadii akavutishwa dawa hiyo kama mvuke, huku zile za sindano zikiendelea. Siku ya tatu homa ikashuka. Siku ya sita akadai muhogo wa nazi. Alipoambiwa dawa ilikotoka, akamtazama mumewe.

"Miaka yote nakuogesha uani kabla hujaingia ndani. Kumbe namwaga dawa."

Mwaro akawapigia simu Jilore. "Hilo shimo lifukieni. Yangu yanatosha."

Daktari alisema mgonjwa mmoja si ushahidi, majaribio yangali yakiendelea. Lakini alisema hivyo akitabasamu.

Kadii alitoka kwa miguu yake. Wodini aliacha siku thelathini na mbili, kilo kumi na moja, na kipande cha chini cha pafu la kulia. Kipande hicho kilikuwa hai chupa za kwanza zilipofika. Kiliondoka na zile siku tatu zilizopotea, na vifuniko sita vya jiki.